Bei ya Herufi

Nilianza na jiwe, kwa kuwa jiwe halihami.
Oamaru, makaburi ya juu, upande unaopigwa na upepo wa kusini.
Nikakwangua kuvu kwa ukucha, kisha kwa mswaki:
THIRZA CLABBURN, MZALIWA WA NORFOLK,
DADA MPENDWA WA ALETHEA.

Alethea ni wetu. Ndiye aliyemzaa babu wa mama yangu.
Thirza alikuwa wa pembeni tu,
dada asiyeolewa, mfua nguo za watu,
aliyewekewa kiti karibu na jiko
na jina mwishoni mwa sala.

Orodha ya abiria, meli *Merlewood*, mwaka wa sitini na mbili, karne ile.
Karani aliandika mbiombio, wino umechuruzika:
Clabburn, Thirza, mtumishi wa ndani, miaka ishirini na minne.
Clabburn, Alethea, mdogo wake, saba.
Siku tisini na nane za maji.

Ndipo nikaomba kitabu cha ubatizo cha Swanby.
Ilikuja picha tu, baada ya wiki sita,
ukurasa wenye duara la kikombe cha chai,
chai ya padri aliyekwisha kuwa udongo.
Machi. Alethea.
Mama: Thirza, msichana wa kazi.
Baba:
na baada ya nukta mbili zile, karatasi.

Ishirini na nne toa saba. Sikuhitaji kalamu.

Kaka yangu Lindsay akaniambia kwenye simu,
yaliyopita si ndwele.
Sawa. Lakini usiku ule sikulala.
Nilimwona pale ghatini, karani mbele,
foleni nyuma ikimsukuma, mtoto kaishika sketi,
na swali: huyu ni nani wako?
Pumzi moja. Neno moja.
Akaliishi miaka arobaini na mmoja,
akiitwa dada
na kinywa alichokinyonyesha.

Kama Alethea alijua, sijui.
Nimekuta risiti ya mchonga mawe
imekunjwa ndani ya Biblia, katikati ya Ruthu:
alitoza peni tatu kila herufi.
Nimehesabu, nikarudia kuhesabu.
Mama au dada,
bei ingekuwa ileile.

Kwenye chati ya ukoo nimefuta mstari mmoja,
ule uliomweka kando, nikauvuta juu yetu sote.
Raba imeacha doa.

Jumamosi nitarudi na mswaki laini zaidi.
Nitamwamkia kwa jina gani,
bado sijajua.