Sikio la Kushoto

Niligundua Jumanne moja, mvua ya Novemba ikipiga mabati ya zahanati
hata tukawa tunazungumza kwa vidole.
Daktari Cirimwami alikuwa ameweka kipimo chake
kifuani mwa mtoto wa Nabintu, muuza sambaza,
macho kayafumba, kama kawaida yake,
na ncha za masikioni
zilikuwa bado zinaning'inia shingoni.

Nilinyamaza.
Miaka kumi na tisa nimemfuata mtu huyu
katika ngazi za udongo za Kadutu,
yeye mbele na mkoba, mimi nyuma na mwavuli,
ngazi zinazochongwa kwa jembe wakati wa kiangazi
na kulambwa na mvua kabla ya Noeli.
Alijua kila mlango kwa kikohozi chake:
hapa pumu, hapa kifua kikuu kilichopona,
hapa mzee Bisimwa, anayekohoa ili apewe chai.

Masikio hayo ndiyo yaliyosikia mioyo miwili
tumboni mwa M'Lushuli, pale mkunga aliposikia mmoja.
Ndiyo yaliyosikia, mwaka wa kipindupindu,
kitu kisichokuwamo katika kifua chochote:
ukimya wa bomba la Nyamugo.
"Ugonjwa uko pale," alisema,
akaniachia wagonjwa siku tatu nzima
akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya maji,
na koti lake jeupe, bila miadi,
akitafuna karanga
mpaka mkuu wa ofisi akaona haya.
Bomba lilikohoa, likatema kutu, likatoa maji.
Hayo hayakuandikwa kwenye fishi ya mtu,
lakini mwezi ule nilikunja vitanda sita
nikavirudisha stoo.

Sasa aliwasemesha wagonjwa kwa muda mrefu.
Watu wakasifu: daktari amezidi upole.
Mimi nilijua anasoma midomo.
Kiganja alikibandika mgongoni, "Pumua," asubiri,
kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani.

Alikosea mara moja niliyoiona:
binti wa Chibalonza, pafu la kushoto, chini kabisa.
Mtoto aligumia, pua zikitanuka,
nami nilimsikia nikiwa mlangoni, bila kipimo.
Nilimkimbilia mama yake hadi kituo cha moto,
nikadanganya kwamba daktari amesahau dawa,
nikamtia chupa ya amoksilini mkononi.
Usiku ule bukari haikupita kooni.
Siri ya zahanati huota gizani kama uyoga,
na atakayelishwa
ni mtoto wa mtu.

Asubuhi nilitangulia. Niliandika kwa kalamu nyekundu
kwenye karatasi ya dawa,
maana kumwambia kungekuwa kupiga kelele:
*Pafu la kushoto. Jana. Nililisikia mimi.*

Alisoma mara mbili.
Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akasoma tena.
Kisha akakitoa kile kipimo shingoni
akanivisha taratibu,
kama mzazi anayemfunga mtoto vifungo
siku ya kwanza ya shule.
"Wewe sikiliza, Nsimire. Mimi nitauliza.
Kuuliza bado najua."

Tangu hapo mgonjwa mmoja anahudumiwa na watu wawili.
Foleni inadhani ni amri mpya kutoka Kinshasa
na inalalamika ipasavyo.
Yeye huuliza umekula nini, unalala na nani chumbani,
maji mnachota wapi, nani amefiwa.
Mimi nainama, nasikiliza, naonyesha kwa vidole
upande gani, wapi, kiasi gani.

Ijumaa iliyopita, benchi lilipokuwa tupu,
aliketi kwenye kiti cha mgonjwa, akafungua shati.
"Haya, niambie. Kuna nini humu?"
Nilisikiliza kitambo kirefu. Moyo ulienda, ukasita,
ukashika pumzi, ukaenda tena.
Nikainua uso ili aione midomo yangu vizuri.

"Ngazi," nilimwambia.
"Nasikia ngazi."