Mpaka wa Kamba

Basi la timu ya taifa lilisimama Tukuyu dakika nne.
Nilizihesabu; kazi yangu ni kuhesabu,
karani wa mizani, banda la majani ya chai, Katumba.
Tusekile alishuka na soksi, bila viatu,
akapokea ndizi za kuchemsha zikiwa bado za moto,
akaninusa shingoni kama alivyofanya utotoni:
"Kaka, bado wanuka moshi uleule."
Dereva akapiga honi.
Ukungu ukalimeza basi, ukianzia magurudumuni.

Mchezo gani huu, walimuuliza mama miaka yote,
unaokimbia mvua?
Kwetu, ambako mvua ikikosa siku mbili
watu huulizana kama imefiwa?
Lakini mtoto alijifunzia humohumo topeni,
kwa parachichi bichi zilizopukutishwa na upepo,
mkono umenyooka, bega linapita sikio,
hadi mlango wa choo cha jirani ukabanduka ubao wa kati.
Mzee Mwaijande alikuja na ule ubao mkononi.
Hakutukana. Aliuchonga mpini, akaturudishia:
"Basi na apige pia."

Kasumulu, afisa forodha alifungua begi refu.
"Makasia haya mnaenda kuvulia wapi?"
Kocha akaeleza. Afisa akasikiliza
kama asikilizaye mahubiri ya dhehebu jingine,
kisha akagonga muhuri mara kumi na sita.

Nilipomsimulia baba, alicheka mpaka akakohoa.
Yeye alizaliwa ukingoni mwa Songwe, upande wetu.
Mwaka wa mafuriko mto ulihama usiku,
na asubuhi mpunga wa babu ukaamkia nchi nyingine,
haukugongewa muhuri wowote.
"Mto ule," husema, "ni kamba iliyolegea."

Jioni simu ikaita.
"Tumefungwa."
"Mangapi?"
"Siyo mabao, kaka. Mikimbio.
Mia na arobaini na tatu kwa mia na tisa."
Sikuwa na daftari jingine. Niliandika katika la mizani,
chini ya Subilaga, kilo ishirini na saba:
safu ya jina, Tusekile; safu ya uzito, 11.
Siku ya pili, 0.
Nilikaa nikilitazama lile sifuri,
duara kama mdomo wa mtu aliyeitwa ghafla.
Siku ya tatu, wiketi tatu. Nikaandika 3, nikajuta,
maana kwetu kilo tatu ni za mgonjwa au mtoro.
Nikapiga mstari chini yake. Nikapiga wa pili.

Akanieleza mpaka wao: kamba nyeupe, imelazwa nyasini.
Mpira ukiifikia ukibiringika, minne;
ukiiruka bila kutua, sita.
Hakuna kadi ya homa ya manjano.
Kinachovuka hushangiliwa.

Mechi ya mwisho ilikuwa Blantyre.
Mpigaji wao mmoja, Mwakasungula wa Karonga,
alikuwa kasimama upande wa mrushaji akingoja zamu,
akamsikia Tusekile akijisemesha kwa lugha ya nyumbani.
Akasema polepole, bila kumtazama: "Ugonile."
"Nikashindwa kurusha, kaka. Mwamuzi akanikodolea macho."
"Ukaitikia?"
"Nikaitikia. Ova iliyofuata nikaving'oa vijiti vyake."

Kisha mvua ikaja.
Wote wakakimbilia kibandani, wa huku na wa kule,
turubai likaburutwa, mwamuzi kajifunika kofia kwa mikono.
Yeye alibaki katikati ya uwanja, anasema,
mpira mkononi, akishangaa wanaenda wapi.
Nilitaka kumuuliza nani ameshinda.
Salio likaisha.

Mwisho wa mwezi akaja mkaguzi kutoka ofisi kuu.
Kidole chake kikashuka safuni, kikagota.
"Huyu Tusekile ni nani? Hayumo kwenye orodha.
Na kilo gani hizi, za kuku?"
Nikamwambia ni mchumaji wa muda,
kwa sasa yuko ng'ambo.
Akaitazama ile mistari miwili.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa,
akagonga muhuri.