Upindo

Daktari Mutethia amegeuza kioo nione:
moyo wangu, mweusi kwa mweupe,
unapiga bila sauti, ghorofa ya tano, Upper Hill.
Wamemimina dawa, anasema, mishipa ijitokeze.
Mimi naona uzi.
Samahani. Miaka kumi na tisa kwenye cherehani,
naona uzi hata kwenye mvua.

Kilango cha kushoto kimekakamaa.
Koo liliniuma nikiwa darasa la pili,
mama akanichemshia limau, nikapona.
Koo likasahau. Moyo haukusahau.
Sasa hakifungi vizuri, wala hakifunguki,
kama zipu ya sketi ya shule iliyong'oka meno.
"Tutakitoa, tushonee kingine."
Sawa. Zipu hubadilishwa.

Lakini kidole chake kimehamia kando.
Kwa watu wengi, anasema, mshipa huu huishia hapa.
Wako haukuishia.
Umezunguka, umepita ukingoni mwa kilango kilekile,
ukabeba na kazi ya mwenzake wa kulia.
Si ugonjwa. Ndivyo ulivyozaliwa.
Ila sindano ikizama milimita chache zaidi
tutakuwa tumetengeneza mlango
na kumnyonga mpishi.

Dirishani kreni ilikuwa inapandisha saruji, polepole.
Nikawaza: vyumba vinne vimejaa damu
na moyo haunywi humo.
Unangoja chake kwa mshipa mwembamba wa nje,
kama mimi, niliyeshona magauni ya harusi arobaini,
na siku yangu nikavaa la kuazima.

Nikamuuliza, utaacha upindo wa ngapi?
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Nikakunja kiuno cha sketi yangu nimwonyeshe
jinsi ya kupitisha mshono ubavuni mwa mpira
bila kuuchoma:
unausukuma kwa kidole gumba,
unashona kitambaa, kitambaa tu,
na kila hatua nne unavuta kidogo
uhisi kama bado unateleza.
"Sisi pia huvuta," akasema. "Moyo ukiamka, tunautazama."

Nalazwa Alhamisi.
Funguo za kibanda, Kariobangi, nimempa Bonareri.
Kuna sare kumi na mbili, vifungo bado,
na tatu hazijatiwa mpira.
Nimemwambia, ukifika kiunoni,
zima redio.