Mtoki

Kitangari, mwezi wa saba. Salfa imetanda mikoroshoni
kama unga uliomwagwa na asiyejua bei yake.
Kila kitu kinakohoa: mimi, pikipiki,
mbuzi tisa wa Bi Asumini Nantanda.
"Salfa tu hiyo," ananipokea.
Natamani iwe salfa.

Sigusi kwanza.
Mkufunzi wetu Mkwanda alitupiga vidole kwa kalamu:
"Macho! Mkono ni mgeni asiyepiga hodi."
Basi natazama.
Mmoja kalala, shingo kaikunjia ubavuni,
kamasi zimemkaukia puani,
mkia umelowa; nzi wamejua kabla yangu.
Nahesabu ubavu unavyopanda: arobaini na nane kwa dakika.
Kipimajoto: arobaini na moja na pointi mbili.
Nageuza kope, ndani kwekundu kama bibo.
Nafunua mdomo,
na ufizi una vidonda vya rangi ya pumba.

Salfa haitoboi ufizi.

Vidole vinashuka mbele ya bega,
vinatafuta chini ya ngozi, vinapata:
tezi imevimba, ina moto, inateleza
kama korosho mbichi ndani ya ganda.
"Mtoki?" Bi Asumini anashangaa. "Kwani kajikwaa?"
"Kajikwaa, Bibi. Kwa ndani."

Humo ndani ya tezi yumo karani,
kama yule wa chama cha msingi, zamu ya usiku, taa ya chemli,
mbele yake foleni ya magunia yasiyo na mwenyewe.
Mara ya kwanza hutapeliwa: korosho juu, kokoto chini.
Siku saba anachambua punje kwa punje,
na homa ndiyo jasho lake.
Wapo wanaokufa hajamaliza.
Akimaliza, sura ile haimpotei tena.
Msimu ujao gunia likifika mlangoni
hapimi, hafungui,
analirudishia njiani.

Kibogoyo, yule jike mzee, amesimama kando
anatafuna maganda ya mbaazi kana kwamba hakuna msiba.
"Huyu je?"
"Aliugua mwaka ule ndoo ya maji ilipofika elfu moja.
Kumi na wawili tuliwafukia. Yeye akakataa."
Chini yake mwanawe wa wiki sita ananyonya kwa kugongagonga.
Aliinywa dang'a, na dang'a ni mkopo:
kumbukumbu ya mama katika damu ya mtoto,
ina tarehe yake ya kwisha.
Naandika daftarini: *Oktoba, rudi na sindano.*

Chanja. Neno lilelile la kuni,
lilelile la mistari mashavuni mwa Bi Asumini
aliyokatwa angali kigori, akauma kanga asilie.

Navua glavu. Yeye hajamaliza.
"Nipime na mimi. Miezi miwili kifua hakinipi usingizi."
"Mimi ni wa mifugo, Bibi."
"Mbuzi alikueleza kwa kinywa gani?
Mimi ninacho, na zahanati waliandika dawa
sijakalia benchi."

Nikakosa jibu. Nikanawa tena, maji yake ya kununua.
Nikamtazama alivyosimama, kama Mkwanda angetaka:
shimo juu ya mtulinga likizama kila pumzi,
gauni limekuwa la mtu mnene kumliko.
Nikamuuliza jasho la usiku. Akaniuliza nimejuaje.
Chini ya taya, upande wa kushoto, vidole vikasimama:
tatu, zimeshikamana, ngumu, hazina moto.
Karani wake anachambua siku nyingi, taa inafifia.

Sikusema jina. Si langu kulisema.
Nikamkalisha nyuma ya pikipiki,
nikampakatisha kisanduku cha barafu chenye damu ya mbuzi,
akakishika kama mtu apelekaye mayai harusini.

Hadi hospitali Newala, kila bonde, kila mchanga,
sikuangalia saa.
Nilihesabu pumzi zake mgongoni mwangu.