Boriti ya Saba

Nyumba njema si mlango. Lakini inama kwanza:
mlango huu ulipimwa kwa watu wafupi,
na kizingiti chake cha juu hakijui kuomba radhi.
Kila Jumamosi ninashika ufunguo mimi, Heledd,
binti wa mchoma chokaa,
nawafungulia wageni wanaouliza mzimu yuko wapi.

Hakuna mzimu. Kuna mwaloni.
Mialoni arobaini ilikatwa kipupwe kimoja,
utomvu ukiwa umelala.
Ednyfed muuza sufu alilipa nusu, nusu akakopa.
Maseremala waliiunda nyumba uwanjani, ikiwa imelala chali,
wakaitia kila boriti namba kwa patasi,
wakaifumua, wakaipakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe,
wakaja kuisimamisha hapa, Mtaa wa Kinu, kwa siku nne.
Siku ya nne walilewa.
Tazama juu, hesabu mikwaruzo:
ya saba imekaa mahali pa nane,
ya nane imebanwa mahali pa saba,
na tangu hapo ghorofa nzima imeegemea barabara
kama mtu mwenye sikio moja zima
anayefuata ugomvi wa majirani.

Baina ya nguzo ni fito na udongo,
samadi, na singa za mkia wa farasi.
Mwaka juzi tulipobandua plasta nyuma ya bomba la moshi
tulikuta vidole vitano vimezama ukutani,
vidogo, vya mtu aliyekandika
akaitwa kula, asirudi kusawazisha.
Nilitia vyangu. Havikuenea.

Dari hii ni ya Tangwystl, mjane wake Ednyfed.
Aliagiza maua ya chokaa na bundi wawili.
Fundi hakuwahi kumwona bundi kwa karibu;
ndiyo maana wana nyuso za makasisi
waliokula chakula kizito.

Kisha ikaja kodi ya madirisha.
Mwenye nyumba wa wakati ule, jina silitaji,
aliziba matano kwa mawe.
Ukisimama ng'ambo utayaona: macho yaliyofumbwa.
Aliokoa shilingi, akapoteza asubuhi.

Halafu ikawa shule, humu ghorofani.
Watoto thelathini, jiko moja la makaa,
na kibao cha mwaloni chenye uzi
kilichovishwa shingoni mwa aliyenong'ona Kiwelshi.
Mtoto alikivua kwa kumsikia mwenzake,
naye mwenzake akatega sikio kwa mwingine,
kibao kikahama shingo hadi shingo siku nzima.
Jioni, shingo ya mwisho ililipa kwa mgongo.
Kilikatwa kutoka ngazi yetu wenyewe:
pengo lake lipo, kidato cha sita.
Unyayo wangu umelizoea. Mimi bado.

Hapa wageni hunyamaza,
halafu mmoja huuliza choo.

Siwaonyeshi wote.
Lakini wewe uliinama kabla hujaambiwa, basi njoo,
dirisha hili ndilo pekee tulilolizibua.
Pitisha mkono chini ya ubao wake,
ndani zaidi, pasipofika jicho la mwalimu.
Unahisi? Msumari uliandika hapo, polepole,
herufi mbili, ya pili imevaa kofia:

tŷ.

Nyumba. Basi. Hakuandika jina,
hakuandika tusi, ingawa tusi lilistahili.
Ni mtoto gani sijui.
Daftari la shule linasema Hopcyn alivishwa kibao
mara kumi na moja, Februari peke yake.
Sina ushahidi. Nataka awe yeye.

Tunafunga saa kumi. Mvua imeanza kwenye vigae,
na mbao, zikinywa unyevu, hulia.
Usishtuke. Ni ile ya saba,
ingali inadai mahali pake.
Shuka taratibu, ruka kidato cha sita,
na ukitoka uvute mlango kwa bega:
haufungi kwa mtu anayeuonea haya.