Wikio

Kazi yangu ni kulaza karatasi kifudifudi juu ya kioo.
Mwanga unapita chini yake kama mtu atafutaye sindano,
kisha naitoa, nalaza nyingine.
Miaka miwili sasa, ghorofa ya pili, Mkomani,
nimelaza elfu arubaini na moja na ushei:
hati za mashamba, talaka, risiti za boriti,
barua za mtu aliyedai mbuzi wake hadi akafa.
Nyingi ni za herufi za Kiarabu, na mchwa naye
kaongeza nukta zake pale asipoombwa.

Zamani ulitafuta kwa herufi.
Ukiuliza "njia", na mwandishi wa Amu kaandika "ndia",
uliambiwa hakuna.
Hakuna! Na hati iko pale, imekukodolea macho.

Mashine hii mpya haitafuti hivyo.
Kila sentensi huipa mahali pake, kwa tarakimu.
Famau, kijana aliyeileta, alinichorea mishale, sikuelewa.
Nilielewa nikirudi nyumbani, chini ya wikio la kina Bwanaheri:
nyumba mbili, milango yake inatazama vichochoro tofauti,
mgeni hajui kwamba zinajuana,
kumbe juu kuna chumba kimevuka njia
na watu wa huku huazima chumvi kule bila kuvaa viatu.
"Mai" na "maji". "Deni" na "mbuzi wangu".
Maana hutembeleana kwa juu.

Haikosi kukosea. Niliuliza habari za kiangazi
ikaniletea mjane.
Nilicheka. Kisha nikaisoma ile barua yake,
nikaacha kucheka.

Jumanne akaja Bi Somoe wa Langoni,
buibui lina vumbi la chokaa begani.
Hakukaa. Akataka niandike asemavyo, nisimsahihishe:
"Mama wa nyanya yangu alikuwa nani,
yule alosuka ukili hata mato yakafa?"

Nikaandika. "Mato", sikuandika macho.
Kioo kikafikiri kwa muda wa kumeza mate.
La kwanza lililokuja, orodha ya mirathi:

    sahani za kaure, kumi na mbili
    kitanda kimoja, mguu umeungwa
    mjakazi mmoja, Zafarani, msukaji mikeka,
    riale ishirini; zimepunguzwa tano kwa ajili ya jicho

Na pembeni, ukaribu wake na swali:
themanini na tatu kwa mia.

Karatasi ile haina neno "mama".
Haina "nyanya", haina "ukili".
Mashine ilivuka kwa juu, ikaingia bila hodi.
Haijui kuna vyumba ambavyo mtu
huingizwa akiwa ameshikwa mkono.

Bi Somoe akauliza, "Hiyo themanini na tatu ndiyo bei?"
La, nikasema, ni ukaribu.
"Na kumi na saba zilizobaki?"

Nikavuta kiti, nikakirudisha.
Nikamwambia huenda si yeye, wasukaji walikuwa wengi,
na macho yaliyokufa pia.
"Basi," akasema, "alikuwa mama wa mtu."

Akaomba kalamu. Nyuma ya risiti ya duka la dawa
akaandika, polepole, akiegemea dirisha:

    Zafarani. Alisuka.
    Jicho lilipokwisha aliona kwa vidole.
    Sisi ni wake.

Nikailaza kifudifudi juu ya kioo.
Mwanga ukapita chini yake kama kawaida.
Karatasi ya elfu arubaini na moja, mia mbili na nane.

Asubuhi, kabla sijafungua madirisha,
niliuliza swali lilelile, kwa maneno yake, na mato yake.
Risiti yake ikaja ya pili.
Sahani za kaure bado zilikuwa mbele.

Nilimpigia simu kumwambia, nikiona haya
kana kwamba nilizipanga mimi.
Akanyamaza. Nikasikia bomba la jikoni likifungwa.
"Ya pili?" akasema.
"Nna wajukuu kumi na moja, mwanangu.
Wote wajua kuandika."