Ngeli ya Mahali

Mwanakombo aliandika orodha nyuma ya risiti ya umeme:
mahali saba, siku tatu, mto mmoja.
Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na hela.
Mimi nilibeba jiko la mkaa, vitabu viwili, na ubishi.

Boti ni ya Semkiwa, ya kubebea nazi.
Ubavuni imeandikwa KESHO PIA SIKU
na injini yake inaamini hivyo hivyo.
Tulipong'oa nanga Pangani mjini
mtoto mwenye dumu la njano alitusalimia toka ukingoni, shikamooni,
akashika njia yake kwa miguu,
na kwenye kona ya mbele tukamkuta ameketi juu ya dumu
anatungoja atuamkie tena.

Pa kwanza: Bweni.
Nikacheka. Bweni! Si kila wiki tunavuka?
"Tunavuka," akasema. "Hatujafika."
Tukashuka. Tukanywa chai ya tangawizi kwa mama mmoja
ambaye miaka yote hiyo nilimpita nikitazama saa.

Pa pili, kwa wafua nazi.
Mmoja alisimama na kifuo chake, makumbi yamemfika magotini,
akauliza tunakwenda wapi.
Likizo, tukasema.
"Likizo ya wapi?"
Ya hapa.
Akageuka kupatazama hapa
kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni nyuma yake.

Pa tatu wino ulikuwa umelowa.
Semkiwa alisoma Korogwe, mke wangu akasema korona,
tukafunga kamba kwenye gati la mkonge lililoachwa:
reli mbili zinaingia majini bila kusita,
kana kwamba huko chini bado kuna mzigo.

Usiku tulilala chini ya turubai.
Viboko walishusha pumzi gizani
kama wajumbe wa kamati waliokwisha kukubaliana.
Pa nne tulipapita asubuhi tukiwa usingizini.
Pa tano palikuwa na mwenyewe, mamba,
tukampa heshima yake kwa mbali.
Pa sita tulinunua machungwa.

Siku ya tatu alimgusa Semkiwa begani. Zima.
Injini ikanyamaza, mto ukasikika.
Ukingoni hapakuwa na kitu: matete,
udongo mwekundu uliomeguka kama mkate.
"Pale," akasema,
na kidole hakikuelekea ukingoni, kilielekea katikati ya maji.
"Pale jiko la mama. Pale mpapai.
Pale mlango, baba akiuegemea asubuhi anapiga mswaki."

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha ngeli ya mahali.
PA, panapoonekana, unapoweza kupawekea kidole.
KU, kusikojulikana kunaishia wapi.
MU, ndani.
Nimewachapa watoto kwa kuzichanganya, Mungu anisamehe.
Basi ulimi ukaniwasha: si pale tena, mke wangu,
ni mle,
mle mna jiko, mna mpapai, mna mlango.
Nikaung'ata.

Mkondo ulianza kuturudisha wenyewe, polepole,
tukapita juu ya uani, nadhani, juu ya chumba alimozaliwa.
Mwanakombo akavua kandambili.
"Hodi," akasema, kwa sauti yake ya kila siku.
Semkiwa, ambaye hakuelezwa chochote,
aliinua upondo usiguse chini.

Baadaye alinipa risiti nimshikie, akinawa uso.
Pa kwanza mpaka pa sita, majina, mstari juu ya kila moja.
Pa saba hapakupigwa mstari.
Palikuwa na neno moja, mwandiko wa mtoto wa darasa la pili:
*kwetu*.

KU, basi.

Nikamenya chungwa, nikampa nusu.
Semkiwa akauliza kama awashe.
Hakuna aliyemjibu.